Skauti wa Kike wa Vijijini: Mpango wa Sussex na Mafunzo Yake Kwetu

Jumuiya yo yote ifikapo siku ya kuadhimisha miaka yake, ni desturi kuhesabu majengo iliyoyasimamisha, na shule, na visima, na majina ya wazee waliotangulia. Hesabu hiyo ni njema. Lakini liko jambo lisilohesabika kwa matofali, nalo ni mpango wa kuwakusanya watoto wa kike katika nchi ya mashamba, ambamo nyumba na nyumba zimeachana, njia ni za tope, na kazi za nyumbani hazimwachii binti nafasi. Jambo hili si geni kwetu. Mjini binti zetu huonana kila siku madrasani na shuleni. Lakini wa vijijini kila mmoja yu kwao, na juhudi ya kuwakutanisha aghalabu huanza kwa shangwe mwaka wa kwanza, ikafa mwaka wa pili.

Mtu atakaye kujenga haoni haya kutazama nyumba ya jirani: ataiga nguzo iliyo imara, na ataepuka pembe iliyopasuka. Kwa hiyo nimechagua kusimulia habari za skauti wa kike, ambao kwa Kiingereza huitwa Girl Guides, katika kaunti ya Sussex, kusini mwa Uingereza. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, mwanamke aliyekuja kuupa mpango wa kaunti nguvu zake katika Uingereza nzima alianzia kazi yake huko Sussex. Ya pili, mwanamke huyo hakuishia huko. Amezikwa katika ardhi yetu ya Afrika ya Mashariki, kama nitakavyoeleza mbele.

Kwanza asili ya mambo. Mwaka 1907 Jemadari Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana kadha wa kadha katika kisiwa cha Brownsea, akawafundisha kupiga kambi, kufuata nyayo na kujitegemea. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake juu ya uskauti, na wavulana wakaunda makundi kila mahali. Wasichana nao walikisoma kitabu kile. Hawakungoja kualikwa, wakavaa kofia, wakashika fimbo, wakajiita maskauti. Tarehe 4 Septemba 1909, katika mkutano mkubwa wa maskauti uliofanyika Crystal Palace, London, wasichana wachache walihudhuria na kutaka watambuliwe. Wazee wengi wa zama zile walichukizwa, wakasema kwamba uskauti utamwondolea binti haya yake. Baden-Powell akaona ni heri wasichana wawe na chama chao wenyewe. Na mwaka 1910 chama hicho kikasimama, kikiongozwa na dada yake, Bibi Agnes.

Tukumbuke basi kwamba hofu ya wazazi juu ya binti zao haikuwa ya Mashariki tu. Waingereza nao waliuliza: Ni nani atakayekuwa pamoja nao? Watarudi saa ngapi? Watafundishwa nini? Mpango nitakaoueleza ulifaulu kwa kadiri ulivyoyajibu maswali hayo matatu.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Sussex imelala kando ya bahari, na pwani yake ina miji mikubwa kama Brighton, Hastings na Eastbourne. Lakini ukiiacha pwani ukaingia bara, unakutana na vilima vya chokaa viitwavyo South Downs, na nyuma yake bonde la misitu na udongo mzito wa mfinyanzi liitwalo Weald. Katika zama za Vita Kuu ya Kwanza, bonde hilo lilikuwa nchi ya mashamba na vijiji vidogo. Wakati wa baridi jua huchwa mapema, na binti wa mkulima akitaka kufika kijijini jioni hana budi kutembea gizani. Wengi waliacha shule wakiwa wadogo, wakaenda kutumika katika nyumba za matajiri. Kundi la wasichana lililowezekana kwa urahisi Brighton halikuwezekana vivyo hivyo shambani.

Katika nchi hiyo, karibu na kijiji cha Robertsbridge, alihamia Jemadari Baden-Powell mwaka 1913 pamoja na mkewe kijana, Bibi Olave, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1889 na kuolewa mwaka 1912. Vita ilipoanza mwaka 1914, Bibi Olave alijitolea kukisaidia chama cha wasichana, lakini viongozi wakamkataa kwa kuwa alikuwa kijana mno. Hakukasirika akajitenga. Alikwenda Ufaransa kuwahudumia askari, na aliporudi akaomba tena. Mwezi wa Machi 1916 akafanywa kamishna wa kaunti ya Sussex, akiwa na umri wa miaka 27.

Cheo alichopewa kilikuwa kitupu mpaka yeye akijaze. Vita ilikuwa imewachukua wanaume. Wanawake walikuwa wameingia katika kazi za viwanda, mashamba na hospitali. Na watoto wengi wa kike walikuwa wameachwa bila wa kuwaangalia. Bibi Olave aliona kwamba hawezi yeye mmoja kulijua kila kundi la Sussex, wala haifai barua zote ziende London zikajibiwe na mtu asiyekijua kijiji. Akaanza kutafuta, sehemu baada ya sehemu, mwanamke mmoja mwenye kuaminika na watu wake, ili awe kamishna wa mahali hapo. Kazi yake ikaonekana upesi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo makamishna wa kaunti walikutana katika mji wa Matlock, na huko Bibi Olave akachaguliwa kuwa Kamishna Mkuu wa chama kizima. Mwaka 1918 akaitwa Kiongozi Mkuu wa skauti wa kike. Aliyekataliwa kwa ujana wake aliwapita walio wengi katika muda wa miaka miwili.

Mpango wenyewe ulikuwa kama ngazi. Juu katika kaunti alikuwako kamishna wa kaunti. Kaunti iligawanywa katika sehemu kubwa, ambazo hapa nitaziita tarafa, na kila tarafa ina kamishna wake. Tarafa nayo iligawanywa katika sehemu ndogo, ambazo nitaziita kata. Na kata moja huenda ikawa mji mdogo na vijiji vinavyouzunguka, kadiri mtu awezavyo kuvizungukia. Ndani ya kata ndimo yalimokuwa makundi yenyewe, kila moja likiitwa kwa jina la kijiji chake na nambari yake. Kiongozi wa kundi aliitwa kapteni, na msaidizi wake luteni. Na kundi liligawanywa tena katika vikosi, kila kikosi wasichana sita mpaka wanane, wenye kiongozi wao wa rika lao, na jina lao ambalo hapo kwanza lilikuwa la ua.

Msomaji asiipite haraka ngazi hii akidhani kwamba ni mpangilio wa vyeo tu. Siri yake ni kwamba hakuna mtu aliyebebeshwa watu wengi kuliko awezavyo kuwajua kwa majina. Binti wa miaka kumi na minne aliwajua wenzake saba: fulani mama yake mgonjwa, fulani haji kwa sababu viatu vyake vimetoboka. Kapteni aliwajua viongozi wake wa vikosi, na kwa hao akawajua wote. Kamishna wa kata aliwajua makapteni wake wachache. Kwa njia hiyo habari ya mtoto mmoja katika shamba la mwisho iliweza kupanda mpaka juu, na msaada ukashuka mpaka kwake, bila mtu mmoja kulemewa.

Viongozi wa vikosi hawakuwa wapiga filimbi tu. Walikaa pamoja na kapteni katika baraza lililoitwa Baraza la Heshima, wakashauriana juu ya kazi za kundi, fedha zake, na mwenendo wa wenzao. Katika zama ambazo binti wa mkulima hakuulizwa neno mbele ya watu wazima, hapo aliulizwa, na jibu lake likaandikwa. Mwanamke aliyezoea tangu utotoni kushika daftari la kikosi hakushituka alipokabidhiwa daftari la chama.

Ama makamishna, kazi yao haikuwa kuamrisha. Kamishna alizuru makundi, akatazama kama yana mahali salama pa kukutania, akazungumza na wazazi, na akasuluhisha panapo ugomvi. Hakuna mwanamke aliyekabidhiwa kundi kwa tamaa yake tu. Ilimpasa kupewa hati, na kabla ya hati kamishna aliuliza juu ya tabia yake na uwezo wake. Kadhalika kapteni hakuruhusiwa kuwapeleka wasichana kambini mpaka athibitishe kwamba anajua kupiga hema, kupika chakula cha watu wengi, na kulinda usafi wa maji na vyoo, na mpaka wazazi watoe idhini. Haya ndiyo majibu ya maswali matatu ya wazazi. Wazazi walituliza nyoyo kwa sababu walijua ni nani aliyemchagua kapteni, na wakiwa na lalamiko walijua waende kwa nani.

Lakini vipi juu ya binti aliyekaa mbali hata na kundi la kata? Hapa ndipo ulipoonekana wema wa mpango huu. Tangu miaka ya mwanzo walikuwako maskauti walioitwa Lones, yaani wapweke. Kundi lao lilikutana kwa posta. Kapteni aliandika barua ndefu ya kila mwezi, ndani yake mna mafunzo, hadithi, maswali na habari za wenzao, nayo ikapita kutoka nyumba hii hata nyumba ile. Kila msichana aliisoma, akaongeza lake, akaipeleka mbele. Majaribio ya kushona, ya huduma ya kwanza na ya elimu ya mimea waliyafanya nyumbani, wakapeleka majibu kwa barua. Wasichana wagonjwa na vilema wasioweza kutoka nao walipangiwa makundi ya posta kwa njia iyo hiyo. Hivyo umbali, ambao watu wengi huutoa kuwa udhuru, ulivukwa kwa stempu ya barua.

Umri nao uliwekewa utaratibu. Hapo kwanza chama kilikuwa cha wasichana wakubwa, lakini wadogo zao waliwafuata mpaka mlangoni wakilia. Mwaka 1914 likaanzishwa tawi la wadogo, nao wakaitwa kwa jina la chipukizi za waridi. Watoto hawakulipenda, na mwaka uliofuata likabadilishwa kuwa Brownies, jina la majini wadogo wa hadithi za Kiingereza wafanyao kazi za nyumba usiku bila kuonekana. Mwalimu wao aliitwa kwa jina la bundi. Ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hushika roho, lakini kwao ni alama ya hekima. Mwaka 1916 likaanzishwa tawi la wasichana wakubwa, ambalo tangu mwaka 1920 huitwa Rangers. Na mwaka 1987 likaongezwa tawi la watoto wachanga zaidi, Rainbows. Hivyo binti aliweza kuingia mdogo akatoka mtu mzima, na mara nyingi akarudi akiwa kapteni.

Nguvu ya ngazi hii ilipimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Septemba 1939 watoto wa London walihamishwa kwa treni wakapelekwa mashambani, na wengi wao wakaletwa Sussex, mpaka hatari ya kuvamiwa pwani mwaka 1940 ikalazimisha wahamishwe tena. Msichana mgeni aliyekuwa skauti kwao alilikuta kundi kijijini lenye ahadi ile ile na salamu ile ile, akapata ndugu kabla hajapata kitanda. Na mwaka 1940 skauti wa kike wa Uingereza nzima walitakiwa watoe mchango wa juma moja. Wenye kazi walitoa mshahara wa nusu siku. Wadogo walitoa senti walizopewa kwa kuchota maji na kusafisha viatu. Fedha zikapanda ngazi, kutoka kikosi mpaka kundi, kutoka kundi mpaka kaunti, na jumla ilifikia karibu pauni 50,000. Zikanunuliwa magari ya wagonjwa na mashua ya kuokolea watu baharini. Senti zile zilifika kwa sababu ngazi ilikuwa tayari imesimama. Haikujengwa siku ya shida.

Walakini historia isiyotaja kasoro si historia, ni sifa tu. Mpango huu ulikuwa na kasoro, na mbili ni za kuzingatiwa.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya vyeo vya dunia. Sheria ya skauti wa kike zama zile ilisema kwamba kila skauti ni dada wa mwenziwe bila kutazama tabaka. Lakini makamishna wa kaunti za mashamba walitokana aghalabu na wake na binti za matajiri wenye ardhi, maana ndio waliokuwa na nafasi na vyombo vya kusafiria. Binti wa mtumishi alikaa kikosi kimoja na binti wa bwana, nalo lilikuwa jambo kubwa kwa zama zile. Lakini hakutumaini upesi kuwa kamishna. Ilichukua miaka mingi mpaka mwalimu wa kijiji, muuguzi na mke wa mfanya kazi wapate nafasi hizo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na haijaondoka hata leo. Ngazi yote husimama juu ya kipago kimoja, nacho ni kapteni. Kamishna akikosekana kwa muda, makundi huendelea. Nyumba ya mikutano ikiungua, watakutana ghalani. Lakini kapteni akiolewa akahama, au akiugua, au akichoka, na luteni hayupo, kundi la kijiji hufa; wasichana hutawanyika kimya kimya, na hakuna anayeandika tanzia. Katika siku zetu hizi Uingereza ina maelfu ya watoto wa kike ambao majina yao yamo katika orodha ya kungojea, si kwa kukosa fedha wala mahali, bali kwa kukosa wanawake wa kuyashika makundi. Hata mali nayo hailindi. Mwaka 2023 chama chao kilitangaza kwamba kitaviuza vituo vyake vitano vya kambi na mafunzo, kimojawapo ni Blackland Farm kilichomo humo humo Sussex, ambamo vizazi vya wasichana vilijifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi. Wengi walilia. Lakini kambi ikiuzwa kundi laweza kuendelea. Kapteni asiporithiwa, haliwezi.

Liko na jambo la dini, ambalo msomaji wetu hatapenda niliruke. Ahadi ya skauti wa kike ilianza tangu mwanzo kwa wajibu kwa Mungu, bila kutaja kanisa wala madhehebu. Kundi liliweza kuwa wazi kwa watu wote, au likafungamana na nyumba moja ya ibada na kupokea watoto wake tu. Kwa mlango huo mipango hii iliingia katika nchi nyingi za Waislamu. Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947, chama chake cha skauti wa kike kilizaliwa mwaka huo huo. Mwaka 2013 chama cha Uingereza kiliyaondoa katika ahadi maneno ya kumpenda Mungu, mahali pake yakawekwa maneno ya mtu kuwa mkweli kwa nafsi yake na kuzikuza imani zake. Walioyataka mabadiliko walisema kwamba yatawafungulia mlango wasichana wasio na dini. Waliopinga walisema kwamba nguzo imeng'olewa. Sisi twaona hapa funzo moja: mwenye kuazima chombo cha mwenziwe na ajue ni kipi atie ndani yake. Ngazi ya kikosi, kundi na kata ni chombo. Kinywaji ni chetu wenyewe.

Nimeahidi kueleza jinsi habari hii inavyotufikia. Mwaka 1938 Baden-Powell na mkewe walihamia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu. Mzee alifariki huko tarehe 8 Januari 1941. Bibi Olave alirudi Uingereza, akaendelea kuzizungukia nchi za dunia kwa miaka mingi. Alifariki tarehe 25 Juni 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri, yakawekwa kaburini pamoja na mumewe, penye kuuelekea Mlima Kenya. Kufikia hapo mti ulikwisha kuota huku kwetu. Kenya na Uganda zilipokelewa kuwa wanachama kamili wa chama cha dunia mwaka 1963. Na tangu mwaka 2013 Nyeri yenyewe ni moja katika kaunti 47 za Kenya. Neno lililokuwa geni limekuwa neno la sokoni, na kamishna wa kaunti wa mwaka 1916 amelala ndani ya kaunti. Kila mwaka tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa yeye na mumewe, skauti wa kike wa dunia hukumbukana, na wengi hutoa sarafu ndogo kwa ajili ya wenzao wa mbali.

Basi ndugu zangu, na hasa mama zetu na dada zetu, habari za Sussex zatuambia nini? Hazituambii tuvae sare ile wala tuimbe nyimbo zile. Zatuambia kwamba kazi ya watoto wa kike vijijini haishindwi kwa umbali, maana barua iliuvuka. Wala haishindwi kwa umaskini, maana senti za kusafisha viatu zilinunua magari. Hushindwa pale mwanamke mmoja mwema anapoachiwa kubeba yote peke yake, tukamsifu mpaka akachoka, na siku aondokapo twasema, "Kazi ile ilikuwa ya Bi fulani." Sifa hiyo ni lawama kwetu. Kazi ikiwa ya Bi fulani, imekwisha pamoja naye.

Kila kijiji tuanzishapo darasa au kundi la binti zetu, tuulize maswali mawili kabla ya kupiga picha: Ni nani luteni wake? Na ni msichana yupi leo anashika daftari, ili kesho ashike kundi? Tukiweza kuyajibu katika kila kijiji, hapo watakapoadhimisha miaka mingine baada yetu, hawatahesabu matofali tu. Watahesabu wanawake waliorithishana. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kupanda, hata kama kivuli watakikalia wengine. Amin.